Morgan: Farasi Mmoja, Kazi Mbili, na Hajawahi Lalamika

Kuna farasi wa kuvuta na kuna farasi wa kupandwa. Halafu kuna Morgan wa Marekani. Asubuhi anafungwa kwa gari anavuta, jioni anawekwa tandiko anabeba msee mgongoni, na zote mbili anaziweza fiti.

Alitoka wapi?

Wote walitoka kwa dume mmoja anaitwa Figure, aliyezaliwa 1789. Mwenyewe alikuwa Justin Morgan, mwalimu wa kuimba huko Vermont. Inasemekana kuna jamaa alikuwa na deni lake, doh ikakosekana, mwalimu akalipwa farasi.

Figure alikuwa mfupi, kama sentimita 142 hivi begani. Lakini alivuta magogo, akashinda mbio na akapandwa kila siku. Watoto wake walimfanana sana, wakaanza kuitwa kwa jina la mwalimu.

Mbona anaweza zote?

Farasi wa mizigo huwa mzito na mwendo wake ni pole. Wa kupandwa huwa mwepesi. Morgan amekaa katikati: kifua kipana na misuli ya nyuma vinampa nguvu ya kuvuta, mgongo mfupi unabeba mtu poa, na bega lililoinama linampa hatua ndefu. Wengi wana kimo cha sentimita 145 hadi 157.

Lakini kichwa ndio siri. Ukimpanda, unaongea naye kwa miguu na uzito wa mwili. Akivuta gari, wewe uko nyuma: una hatamu, sauti na mjeledi tu. Farasi mwoga akishtuka hapo, ni ngori. Morgan hutulia, ndio maana anafundishika lugha zote mbili.

Karibu aishe

Kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, Morgan walibeba askari. Baadaye farasi warefu wakawa ndio fasheni, wafugaji wakachanganya damu, na Morgan halisi wakapungua vibaya. Joseph Battell ndiye alitoa kitabu cha kwanza cha ukoo wao, 1894, kisha akaipa serikali shamba lake la Weybridge ili wazalishwe. Mwaka wa 1951 shamba hilo likapewa Chuo Kikuu cha Vermont.

Magari ya injini yalipoingia, farasi wa kuvuta tu walikosa kazi. Morgan bado alikuwa na tandiko. Leo kwa mashindano utampata huyo huyo akivuta, halafu akipandwa.

Na Figure mwenyewe?

Mwalimu aliaga 1798. Figure akapita mkono kwa mkono, kila mmoja akimtumia vile anataka, hadi uzeeni. Mwaka wa 1821 alipigwa teke na farasi mwingine, kidonda hakikutibiwa, akafa. Alifanyia watu kazi zote, siku yake ikifika hakuna aliyemwangalia.

Kama una mnyama anayekufanyia kazi, hapo ndio pa kujifunza.