Studio za Kivuko cha Likoni

Katika miaka ya 1990, wapigapicha wa mitaani walijenga vibanda vya studio kando ya kivuko cha Likoni, Mombasa. Nyuma ya mteja lilitundikwa pazia lililochorwa kwa rangi kali: meli, ndege, majumba; pembeni kulikuwa na maua ya plastiki. Wateja wengi walikuwa vibarua kutoka bara waliotuma picha kwa jamaa zao. Mwanaanthropolojia Mjerumani, Heike Behrend, alizitafiti studio hizo, na mwaka 1998 picha zake zilionyeshwa Munich. Mwanafunzi wa sanaa aangalie miguu ya mteja inapokutana na pazia: sakafu ni ya kweli, bahari ni ya rangi. Mchoraji wa pazia anastahili heshima sawa na mpigapicha.