Lawama ya Utasa

Lugha yetu ina maneno mawili ya kumwita mtu asiyezaa: mgumba na tasa. La kwanza laweza kumhusu mume au mke. La pili aghalabu hubandikwa mwanamke, na hata mnyama jike. Tangu na tangu, nyumba ikikosa mtoto, afungashwaye virago ni mke. Nilipokuwa karani wa baraza la usuluhishi wa ndoa nilimwona mmoja wao: miaka kumi ya ndoa, waganga watatu, na mumewe hajapimwa hata mara moja.

Si kwamba wazee walikosa busara. Wakurya wa Mara wana desturi ya nyumba ntobhu, ambayo kwayo mwanamke asiye na mtoto huoa msichana, na watoto wa msichana huyo huwa wa nyumba yake. Hivyo mwanamke habanduliwi katika mji wake. (Hatima ya yule msichana ni shauri jingine, wala si dogo.) Lakini desturi hiyo haikuuliza habari za mwanamume.

Swali hilo liliulizwa hospitalini. Mwaka 1942, huko Boston, Marekani, daktari Harry Klinefelter na wenzake walieleza habari za wanaume tisa wenye korodani ndogo, wasio na mbegu. Sababu haikujulikana. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, nchini Uswidi, walionyesha kuwa seli ya binadamu ina kromosomu 46, yaani nyuzi zibebazo urithi. Hesabu ilipopatikana, fumbo likafumbuka: mwaka 1959, huko Edinburgh, Patricia Jacobs na John Strong walimkuta mwanamume wa namna ile ana 47, X moja imezidi. Mwaka huohuo ilibainika kuwa baadhi ya wanawake wasiovunja ungo wana X moja badala ya mbili.

Zingatia, ndugu msomaji: mwanamume huyo aweza kulima, kuoa na kuamua mashauri ya wenzake, asijue lolote mpaka apimwe. Kasoro yenyewe hutokea kwa bahati tu, mbegu au yai linapoumbika. Haitokani na laana wala na mke. Humpata takriban mwanamume mmoja katika kila 500 hadi 1,000, idadi isiyokosa kuwapo katika tarafa yoyote. Kwa hiyo hapana budi waende hospitali wote wawili, na mbegu za mume zipimwe mapema, kwani kipimo hicho ni chepesi. Siku hizi baadhi ya wanaume hao hutolewa mbegu kwa upasuaji, ingawa gharama yake ni kubwa. Wengine huasili mtoto.

Yule mwanamke wa barazani aliachwa. Aliolewa kwingine, akazaa wawili. Mume wake wa kwanza ameoa mara mbili tangu hapo, na hajapata mtoto.