Asili ya Neno Merikani

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kulichungua neno walilokuwa nalo wazee wetu kila siku, nalo ni merikani, yaani nguo ya pamba isiyopaushwa. Wengine husema amerikani au marikani. Neno lenyewe halifichi asili yake: ni jina la nchi ya Marekani.

Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konseli wao wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja. Merikebu zilitoka Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikileta majora ya nguo, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Nguo ile ilipendwa kwa kuwa nzito na ya kudumu.

Huko bara ikawa ndiyo fedha. Misafara ililipa hongo kwa nguo, ikanunua chakula kwa nguo. Upande mmoja ulikuwa mikono minne, na doti moja mikono minane. Na mkono ni tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati; basi si ajabu kama mnunuzi mwerevu alimwita ndugu yake mrefu aje ampimie!

Lakini tuulize, pamba ile ililimwa na nani? Kwa sehemu kubwa ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, wazao wa Waafrika waliovushwa bahari ya Atlantiki. Kazi ya mikono yao ilirudi Afrika imekuwa nguo, ikanunua pembe, na, tusifiche, ikanunua watu pia. Tena hapa pwani merikani ilikuwa vazi la watumwa. Wanawake wengine waliitia rangi nyeusi ikawa kaniki. Na baada ya utumwa kuondolewa kwa sheria huko Unguja mwaka 1897, wengi wao waliziacha zote mbili wakajifunga kanga.

Vita vya Marekani vya 1861 hata 1865 viliizuia pamba, na biashara ile ikaanguka. Viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikashika mahali pake. Hata hivyo mnunuzi hakubadili usemi wake: aliingia dukani akataka merikani, na mwenye duka akamkatia nguo iliyofumwa Bombay, na miaka ya baadaye iliyofumwa Japani.