Bima ya Trekta la Zamani Lililokarabatiwa: Thamani Ikubaliwe Mapema

Trekta la zamani lililokarabatiwa, mfano Ferguson TE20 lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956, huwa na thamani isiyolingana na umri wake. Katika bima ya kawaida, fidia hukokotolewa kwa bei ya soko baada ya kuondoa uchakavu; hivyo mmiliki aliyetumia mamilioni kulifufua anaweza kulipwa bei inayokaribia ya chuma chakavu.

Ili kuepuka hasara hiyo, mmiliki anashauriwa kuomba mkataba wa thamani iliyokubaliwa, ambamo kiasi kitakacholipwa endapo trekta litaharibika kabisa huandikwa tangu mwanzo. Maombi yaambatane na taarifa ya mthamini, stakabadhi za vipuri na za malipo ya fundi, namba za chasisi na injini, pamoja na picha za kabla na baada ya ukarabati.

Kutaja thamani pungufu ili ada ishuke ni hatari. Trekta la shilingi milioni 20 likikatiwa bima ya milioni 10, hasara ya milioni 4 inaweza kufidiwa milioni 2 tu, kwa kanuni ya uwiano.

Aidha, nchini Tanzania, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha chombo cha moto kinachotumika barabarani kuwa na bima ya madhara kwa watu wengine. Bima hiyo ndogo hailipii trekta lenyewe. Kabla ya kulipa ada, mwananchi ahakikishe kuwa kampuni au wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA).