Theluji ya Kibo na Waliokataa Kuiamini

Aliyefika Mombasa katika miaka ya 1840 na kuulizia Kilimanjaro, mlima mkubwa wa Uchagani, hakukosa wa kumjibu. Misafara ya Waswahili ilikuwa ikienda huko kutafuta pembe za ndovu, na ilirudi na habari pia. Kilele cha mlima ule, walisema, kimejaa madini ya fedha, na fedha hiyo ina wenyewe: majini. Waliothubutu kupanda walikufa. Waliobahatika kurudi walirudi wamekakamaa mikono na miguu, na hata baruti ya bunduki zao ilikataa kushika moto. Mkuu wa ngome ya Mombasa alimwonya mmisionari Johannes Rebmann kwa maneno ya namna hiyo kabla hajaanza safari: mlima ule asijaribu kuupanda.

Tumezoea kuzipuuza habari kama hizi kwa neno moja, ushirikina, kisha tukaendelea na mambo mengine. Naomba tusimame hapa kidogo. Baridi kali huua nyama ya vidole, na aliyepatwa nayo hurudi kilema. Baruti iliyolowa ukungu haiwaki. Juu sana hewa huwa nyepesi, na mtu asiye na nguo nzito wala chakula cha kutosha huweza kufa usiku huohuo. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na Kibo, kilele cha juu kabisa cha mlima huo, kipo mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Yote yaliyosemwa Mombasa kuhusu madhara ya mlima yalikuwa ya kweli. Kilichokosewa ni jina la mwenye kuyatenda.

Wachaga, waliolima chini ya mlima huo vizazi kwa vizazi, walikuwa wamekwenda mbali zaidi ya kusimulia. Rebmann alielezwa kwamba Rengua, aliyekuwa Mangi, yaani mtawala, wa Machame kabla ya Mangi Mamkinga wa wakati huo, aliwahi kutuma watu wapande wakachunguze kile kitu cheupe ni nini. Alirudi mmoja tu, jina lake Sabaya, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Alielezwa pia kwamba ile fedha ya kileleni, ikitiwa chomboni na kuteremshwa, chini hukutwa maji matupu. Kwangu mimi huu ni uchunguzi kamili: palikuwa na swali, wakatumwa watu, kikaletwa kielelezo, likapatikana jibu. Gharama yake ilikuwa maisha ya watu, na majina yao, isipokuwa la Sabaya, hayakutufikia.

Rebmann alikuwa Mjerumani kutoka Gerlingen, Württemberg, aliyetumwa na shirika la kimisionari la Kiingereza, CMS. Alifika pwani mwaka 1846 na kuungana na mmisionari mwenzake Ludwig Krapf huko Rabai, karibu na Mombasa. Mwishoni mwa Aprili 1848 aliondoka na msafara mdogo ulioongozwa na Bwana Kheri, mzoefu wa njia za Uchagani. Tarehe 11 Mei, yapata saa nne asubuhi, aliona juu ya mlima weupe ambao kwanza aliudhani wingu. Akamuuliza kiongozi wake. Kiongozi akajibu kwamba ile ni baridi, basi. Rebmann aliyekulia penye theluji akajua anachokitazama. Akaketi, akafungua Biblia na kusoma Zaburi ya 111, inayosifu matendo ya Mungu.

Kwa hiyo weupe ule mmoja ulikuwa na maana nyingi asubuhi ile. Wa pwani waliona mali yenye walinzi wasioonekana, mmisionari akaona kazi ya Muumba wake, na kiongozi wa njia akataja kile ambacho mwili wake ungekihisi kama angefika juu. Imani ya Rebmann haikumpotosha macho, wala haikumpa macho ya ziada. Aliyakataa majini na kumshukuru Mungu, lakini theluji aliitambua kwa sababu alikuwa ameikanyaga utotoni.

Habari yake ilichapishwa katika jarida la CMS mwaka 1849, na London ikagawanyika. Aliyeipinga kwa nguvu kuliko wote alikuwa William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeheshimiwa sana kwa ujuzi wake wa Afrika, bara ambalo hakuwahi kulikanyaga. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1852 alishikilia kwamba Rebmann ana macho dhaifu na mawazo yanayoruka, na kwamba theluji hiyo ni ndoto. Mwezi Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui kwa Kivoi, kiongozi wa Wakamba, aliuona Mlima Kenya nao ukiwa na weupe juu yake. Ushahidi huo wa pili haukumtikisa Cooley.

Si haki kumfanya Cooley mjinga. Mwaka 1832 ndiye aliyemfichua Mfaransa Jean-Baptiste Douville, aliyejisifia safari za bara la Kongo ambazo hakuzifanya. Kutoamini kwake kulikuwa kumeshamletea heshima mara moja, na nadhani hapo ndipo mtego ulipokuwa: mtu aliyewahi kuwa sahihi kwa kukataa huanza kukuona kukataa kwenyewe kama elimu. Maana ushahidi wa kumzindua ulikuwepo. Wasomi wa Ulaya walijua tangu karne ya 18 kwamba milima ya Andes, huko Ecuador, ina theluji ya kudumu juu ya mstari wa ikweta. Tena ramani za Cooley mwenyewe za Afrika ya kati zilitegemea mazungumzo na Khamis bin Uthman, Mswahili aliyefika London katika miaka ya 1830. Alisadiki maneno ya mtu wa pwani yalipojenga nadharia yake. Yalipoibomoa, hakuyasikia.

Mwaka 1861 Baron Karl Klaus von der Decken alikwenda Kilimanjaro pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton, wakaupima mlima. Mwaka uliofuata alirudi na Otto Kersten, akapanda kupita mita 4,000, na usiku theluji ikawaangukia. Cooley akashikilia lake. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti kutoka Ribe, alifika kwenye ukingo wa theluji akiwa na mwenzake Tofiki, akaivunja kwa mikono na kuitia kinywani. Baada ya hapo ubishi ulikwisha, ingawa kilele chenyewe kilingoja hadi Oktoba 1889, walipokifikia Hans Meyer na Ludwig Purtscheller. Rebmann hakuishi kuona kilele kikifikiwa. Alikaa Afrika ya Mashariki miaka 29, akarudi kwao mwaka 1875 akiwa kipofu, na akafa mwaka uliofuata.

Vitabu vya shule vinasema Rebmann aligundua theluji ya Kilimanjaro, na kwa wasomaji wa Ulaya alikuwa wa kwanza kuwaambia. Lakini watu wa Rengua walikuwa wameshaishika, nao wanastahili kutajwa katika sentensi hiyohiyo.

Theluji hiyo sasa inaondoka. Barafu ya Kilimanjaro, iliyofunika takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912, ilikuwa imebaki chini ya 2 kufikia mwaka 2011. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu zilizobaki katika milima ya Afrika zinatarajiwa kutoweka kufikia mwaka 2050. Wapo wasioamini, kama walivyokuwepo wasioamini kwamba ipo. Wanasayansi wana picha za setilaiti na vipimo, na ni vyema wanavyo. Lakini Machame, Kilema na Marangu wapo wazee wanaokumbuka weupe ulikuwa ukishuka mpaka wapi walipokuwa watoto, na katika miezi ipi. Kumbukumbu hizo ni ushahidi wa aina ileile alioupata Rebmann kwa masimulizi. Makumbusho na vyuo vyetu viende vikauandike sasa, kwa majina na mahali, wazee hao wakiwa bado hai.