Habari za Sanamu ya Mfalme Iliyofanywa Risasi

Katika lugha yetu jina moja latumika kwa vitu viwili. Risasi ni madini, ile ya kijivu, nzito na laini, ambayo mvuvi huifunga katika wavu wake ili uzame. Tena risasi ni ile itokayo katika bunduki na kumwua mtu au mnyama. Watoto wa shule wakiambiwa hayo huuliza kwa nini watu wa zamani hawakutafuta jina la pili. Lakini zamani hapakuwa na haja. Mwenye bunduki alinunua madini sokoni, akayayeyusha nyumbani kwake, akayamimina katika kalibu, na asubuhi yake akaenda mwituni na popoo alizozifanya kwa mkono wake. Kitu kilikuwa kimoja. Tofauti ilikuwa ni umbo tu.

Kazi hiyo ya kusubu risasi si ngumu, na kwa sababu si ngumu iliingia katika nyumba za watu. Chuma hakiyeyuki mpaka moto ufike digrii 1538 za Sentigredi, kwa hiyo mtu wa chuma hana budi kuwa na tanuru na mivukuto na wasaidizi. Risasi huyeyuka kwa digrii 327. Jiko la kupikia lamtosha. Sufuria ya chuma huwekwa juu ya makaa, na vipande vya risasi ndani yake. Baada ya muda hulegea, huzama, na mara huwa maji mazito yang'aayo kama fedha. Juu yake hukaa taka za kijivu. Msubuji hutupa kipande kidogo cha nta au mafuta, hukoroga, taka zikajitenga, akaziengua kwa upawa wa chuma. Sharti aangalie sana maji ya kawaida yasiingie sufuriani, hata tone moja, maana maji yakikutana na risasi ya moto hugeuka mvuke ghafula na kuirusha risasi usoni pake.

Kalibu ni chombo mfano wa koleo. Ncha zake mbili zimechimbwa ndani, kila moja nusu ya mviringo, nazo zikifumbana hufanya shimo moja la duara, na juu yake kitundu cha kumiminia. Kalibu ikiwa baridi, popoo hutoka na makunyanzi kama tunda lililokauka. Kwa hiyo zile za kwanza hurudishwa sufuriani mpaka kalibu ishike moto. Ikiisha kushika moto hutoka laini na kamili, kila moja na kikia kidogo pale palipomiminiwa, nacho hukatwa kwa kisu. Popoo hufanywa ndogo kidogo kuliko kasiba, yaani mwanzi wa bunduki, kwa sababu baruti ya zamani huacha masizi mengi, na baada ya kupiga mara kadhaa kasiba husongwa, hata mdeki wenyewe hushuka kwa taabu. Kwa kuwa bunduki hazikulingana, fundi aliyeuza bunduki nzuri aliuza na kalibu yake pamoja. Hata leo bunduki za marisau huitwa kwa hesabu ya kale: ile iitwayo ya 12 ni ile ambayo popoo 12 za kasiba yake zingepima ratili moja ya risasi.

Nimeyaeleza haya kwanza ili msomaji aelewe jinsi ilivyowezekana kwa wanawake na watoto wa mji mdogo kumgeuza mfalme kuwa risasi.

Mfalme huyo ni George wa Tatu wa Uingereza. Katika mwaka wa 1765 Bunge la Uingereza lilitoa sheria ya stempu, iliyowatoza kodi watu wa makoloni yake ya Amerika kwa kila hati na gazeti. Watu walichukizwa mno wakafanya ghasia, na mwaka uliofuata sheria ikafutwa. Watu wa New York wakafurahi, wakaona ni vema kumshukuru Mfalme, wakaagiza sanamu yake kwa Joseph Wilton, mchongaji wa London. Mwaka wa 1770 ikasimamishwa katika uwanja uitwao Bowling Green: Mfalme amepanda farasi, amevaa mfano wa makaisari wa Rumi. Nje iling'aa kwa dhahabu, lakini mwili wake ulikuwa risasi. Mwaka wa 1771 uwanja ukazungushiwa ua wa chuma, maana shukrani zilikuwa zimekwisha kupoa na watu walianza kuuchafua.

Vita vilipozuka mwaka wa 1775 wenyeji walikuwa na bunduki za kutosha kiasi, bali baruti na risasi zilikuwa haba. Serikali ya Uingereza ilikuwa imekwisha kukataza tangu 1774 silaha na baruti zisipelekwe kwao. Baruti yataka shura, kiberiti na makaa. Makaa yapatikana popote, lakini shura si rahisi. Risasi nayo ikatafutwa majumbani. Katika New York madirisha yalivuliwa vipande vya risasi vilivyowekwa kuyavuta juu, na watu wengine walitoa sahani zao za mchanganyiko wa bati. Na huku, katikati ya mji, imesimama risasi nyingi kwa umbo la Mfalme.

Tarehe 9 Julai 1776 majeshi ya Jenerali George Washington yalipangwa katika New York, wakasomewa tangazo jipya la kwamba makoloni yamekuwa nchi huru. Jioni ile askari na raia wakakusanyika Bowling Green, wakaiingia sanamu kwa kamba, wakaivuta mpaka ikaanguka. Wakaikata kichwa. Kesho yake Washington akatoa amri kwa majeshi yake: hakudhani kwamba waliofanya vile walikuwa na nia mbaya, lakini jambo lenyewe lilifanana na fujo, na tangu sasa kazi kama ile iachiwe wenye mamlaka. Namsifu kwa neno hilo, kwa kuwa hapana lililo rahisi kwa mkubwa wa vita kuliko kunyamaza wakati fujo inapomfaa. Ila sioni kwamba aliamuru risasi irudishwe.

Kichwa kilikuwa na safari yake peke yake. Waasi walikusudia kukitundika juu ya mti, lakini Kapteni John Montresor, mhandisi wa jeshi la Mfalme, alifanya hila kikaibwa na kufichwa, kisha kikapelekwa Uingereza ili wakubwa waone jinsi Mfalme wao alivyotendewa. Mwili ulipakiwa chomboni mpaka bandari ya Norwalk katika Connecticut, na kutoka huko ukachukuliwa kwa magari ya ng'ombe mpaka mji wa Litchfield, mwendo wa maili 40 na zaidi kwenda bara. Huko alikaa Oliver Wolcott, mmoja wa wale waliotia sahihi tangazo la uhuru. Alikuwa pia jenerali wa wanamgambo wa jimbo lake, na alijua vema mifuko yao ilivyokuwa mitupu.

Yasemekana kwamba vipande vya sanamu vilikatwakatwa kwa shoka katika kibanda kilichokuwa bustanini mwa Wolcott, penye mitofaa. Lakini kazi iliyofuata haina haja ya kusimuliwa kwa "yasemekana", kwa sababu hesabu yake iliandikwa, nayo imehifadhiwa. Bibi Marvin alifanya 6,058. Ruth Marvin 11,592. Laura, binti Wolcott, 8,378. Mary Ann, binti yake wa pili, 10,790. Frederick, mwanawe, 936. Bibi Beach 1,802. Watu wengine mbalimbali 2,182. Wanamgambo wa Litchfield walipewa 50 siku ya hatari, na kikosi cha Kanali Wigglesworth 300. Jumla 42,088. Mwalimu yeyote na aijumlishe, itatoka sawasawa. Frederick alikuwa mtoto wa miaka minane, na kwa miaka minane 936 si haba. Lakini dada yake Mary Ann, aliyemzidi umri kidogo tu, alimshinda zaidi ya mara kumi, nadhani kwa sababu mvulana alichoka akaenda kucheza.

Hesabu hiyo yataja vifurushi, wala si popoo tupu. Kifurushi kilifanywa kwa karatasi iliyoviringishwa juu ya kijiti. Kijiti kikatolewa, popoo ikawekwa mwisho mmoja, baruti ikapimwa na kutiwa nyuma yake, karatasi ikafungwa. Askari vitani aliing'ata karatasi kwa meno, akatia baruti kidogo katika kisahani cha gumegume, iliyobaki akaimimina katika kasiba, akafuatisha popoo na karatasi yake, akashindilia kwa mdeki. Kwa hiyo watoto wa Wolcott walifanya kazi tatu: kusubu, kukunja na kujaza. (Kifurushi hicho cha karatasi kilikuja kuleta msiba mkubwa Bara Hindi mwaka wa 1857. Askari walisikia kwamba karatasi mpya zimepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe, wakakataa kuzitia vinywani. Waliokataa katika Meerut walifungwa, na tarehe 10 Mei wenzao wakainuka. Huko napo palikuwa na sababu nyingine nyingi.)

Sasa tupige hesabu. Bunduki za Kifaransa, ambazo Wamarekani wengi walizitumia katika vita vile, zilikula popoo 17 au 18 hivi kwa ratili moja. Tukichukua kiasi hicho, vifurushi 42,088 vyataka ratili zipatazo 2,400. Nao wasimulizi husema kwamba sanamu ilipima ratili 4,000. Kama walisema kweli, nyingine ilikwenda wapi? Jibu moja lajulikana. Njiani, katika mahali paitwapo Wilton, walikuwako watu waliompenda Mfalme, nao waliiba vipande wakavificha mabwawani na mashambani. Vipande hivyo vimekuwa vikifukuliwa mara kwa mara tangu karne ya 19.

Kuna jambo moja ambalo Wolcott na Bibi Marvin hawakulijua jinsi tulijuavyo sisi. Risasi ni sumu. Mvuke na mavumbi yake huingia mwilini kwa pumzi, na unga wake mikononi huingia kwa chakula, nayo hukaa mifupani miaka mingi. Waganga wa leo wasema hapana kiasi cha risasi kilicho salama kwa mtoto, kwa kuwa hudhuru akili ingali inakua. Kwa hiyo wale wapendao kupiga bunduki za kale kwa mchezo, nao wako wengi katika Marekani na Ulaya, wakisubu popoo zao husubu mahali penye upepo, hawali wala hawavuti tumbako kazini, na wakimaliza hunawa kwa sabuni. Mtoto wa miaka minane hawamweki karibu na sufuria. Siwezi kumlaumu baba kwa asilolijua, lakini nikiitazama ile orodha siwezi tena kusoma 10,790 kwa furaha ile niliyokuwa nayo hapo kwanza.

Kusubu kwa mkono hakukuishi daima kuwa kazi ya vita. Mwaka wa 1782 William Watts, fundi wa mabomba wa Bristol, alipata hati ya kufanya marisau bila kalibu: aliimwaga risasi katika chujio kutoka juu, na matone yakawa duara yenyewe hewani kabla ya kuangukia maji. Kisha mwaka wa 1849 Claude-Étienne Minié, afisa wa Ufaransa, alitoa risasi iliyochongoka mbele na yenye uvungu nyuma. Iliteremka kasibani kwa wepesi, na baruti ilipowaka ule uvungu ukatanuka, ukaushika mchoro wa ndani, risasi ikaruka ikizunguka, mbali na kwa shabaha. Katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, 1861 hata 1865, risasi za namna hiyo zilivunja mifupa kwa jinsi ambayo madaktari hawakuwa na dawa ila msumeno.

Kwetu Afrika popoo ya duara ilikaa zaidi, wala si kwa bahati. Katika mapatano ya Brussels ya tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalikataza silaha zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, na hasa zile zenye michoro ndani ya kasiba. Lakini waliacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mchoro na kwa baruti ya kawaida. Silaha zilizokwisha kuachwa Ulaya ndizo zilizoachiwa Mwafrika. Ndiyo sababu gobori na kalibu vilidumu mikononi mwa wawindaji wetu wakati ambapo kwingine vilikuwa vimekwisha wekwa katika nyumba za makumbusho.

Na sanamu je? Mkia wa yule farasi upo mpaka leo katika makumbusho ya New York pamoja na vipande vingine. Bamba la marumaru alilosimama juu yake lilivushwa mto, likafanywa jiwe la kaburi la Meja John Smith, afisa wa Kiingereza aliyekufa mwaka wa 1783. Baadaye nalo likarudishwa mjini. Ule ua wa chuma wa 1771 ungali unazunguka Bowling Green. Vilele vya nguzo zake vilikatwa zamani hizo, na mpita njia akipitisha mkono juu yake hugusa bado alama za kukwaruza pale palipopita msumeno.