Slaidi Kwanza: Kutambua Vimelea vya Damu vya Ndege Wafugwao Pembezoni mwa Dar es Salaam

Mfugaji wa Chamazi au Bunju akimwona kuku amezubaa, upanga umepauka na kinyesi ni cha kijani, jina linalomjia haraka ni mdondo. Mara nyingi hakosei. Lakini dalili hizo huweza kuletwa pia na vimelea vya damu vya jamii ya Plasmodium na Leucocytozoon, na hakuna jicho, hata la daktari, linaloweza kuvibaini kwa kumtazama ndege tu. Nashikilia kwamba katika viunga vya Temeke na Kinondoni uchunguzi uanze na utando mwembamba wa damu kwenye slaidi, na kwamba kukiona kimelea si kuuona ugonjwa.

Mazingira yetu yanadai uchunguzi huo. Mashimo ya vyoo na mitaro ya maji machafu huzalisha mbu aina ya Culex, jamii inayobeba Plasmodium, vimelea vya malaria ya ndege. Kwenye mabanda ya njiwa, inzi bapa wanaojificha ndani ya manyoya hueneza kimelea kingine cha damu, Haemoproteus columbae. Na tukumbuke deni letu kwa ndege: Ronald Ross aliufuatilia mzunguko mzima wa malaria ndani ya mbu mwaka 1898 huko Kolkata kwa kutumia ndege.

Vipimo vya haraka vya malaria ya binadamu havisaidii hapa, kwa kuwa vimetengenezwa kwa ajili ya vimelea vya binadamu. Aliyezoea damu ya watu naye hujikwaa, maana chembe nyekundu za ndege zina kiini, na kiini kilichochakaa humdanganya msomaji.

Kosa kubwa, hata hivyo, hutokea kabla ya hadubini. Tone litolewe kwenye mshipa wa bawa, litandazwe palepale bandani na kukaushwa upesi kwa kupepewa. Unyevu wa pwani ukiichelewesha damu kukauka, chembe huharibika na kuacha vitone vinavyofanana na vimelea. Tena, gametosaiti, yaani hatua ya uzazi ya kimelea, zikikutana na hewa huanza kubadilika ndani ya dakika chache, na umbo linalotambulisha spishi hupotea. Slaidi ikaushwe, iimarishwe kwa methanoli, kisha itiwe rangi ya Giemsa.

Msomaji makini atatofautisha: Plasmodium hugawanyika ndani ya chembe za damu inayozunguka, Haemoproteus huonekana humo kama gametosaiti tu, na vyote viwili huacha chembe za rangi ya hudhurungi, ambazo Leucocytozoon haina.

Wapo wanaotaka tuanze na PCR, kipimo cha vinasaba. Kipimo hicho hunasa maambukizi madogo ambayo jicho huyakosa, lakini huweza pia kunasa vinasaba vya kimelea kilichoingizwa na mdudu bila kukomaa ndani ya ndege huyo. Kije baada ya slaidi, kisichukue nafasi yake.

Njiwa wengi huishi na Haemoproteus chache bila kuugua. Kwa hiyo jibu la “vimelea vimeonekana” halitoshi: lieleze ni vingapi katika chembe nyekundu 10,000, kiwango cha damu kimeshuka kiasi gani, na kama mdondo umepimwa. Bila hayo mfugaji atanunua dawa ya malaria huku virusi vya mdondo vikimaliza banda.

Maafisa mifugo wa kata, nawaomba: wekeni slaidi na chupa ya methanoli kwenye mkoba, na chukueni damu ndege akiwa bado hai.